Kabla Silinda Haijachongwa, Pistoni Iwe Mezani

Starlet za miaka ya 1990 zimekataa kufa Eastlands. Asubuhi utaikuta moja Umoja ikipeleka watoto shuleni. Jioni utaikuta nyingine Buruburu, imeshushwa hadi inakaribia kulamba lami, rimu pana, ekzosti ikinguruma mpaka wazee wa korti wanafungua madirisha kuangalia ni mtoto wa nani. Hakuna nyingine zinazoshuka bandarini Mombasa, maana Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja ina mwenye kuipenda.

Moshi wa buluu ukianza kutoka nyuma, mwenye gari huwa na njia mbili. Anaweza kununua injini nyingine iliyotumika, kisha ashughulikie NTSA kwa kuwa namba ya injini iliyo kwenye logibuku imebadilika. Au aifungue aliyo nayo, abaki na namba yake, aijenge upya. Vijana wanaoshika njia hii ya pili aghalabu hawaridhiki na kuirudisha injini ilivyokuwa. Wanataka ipande Limuru bila kulia, iache Vitz ya jirani nyuma, na wapo wanaotaka kuifunga turbo. Wote hufikia swali moja: pistoni gani?

Mitaani swali hilo hujibiwa kwa majina. Mmoja atakuapia Teikin, mwingine NPR, mwingine Izumi, na mwenye mfuko mzito atataja Wiseco ya Marekani kana kwamba imeshafungwa na inatembea. Jina lina uzito wake, lakini hilo ndilo la mwisho kuulizwa. La kwanza ni hali ya silinda zenyewe, la pili ni petroli itakayochomwa humo, la tatu ni barabara ambazo gari litapita. Mwenye gari asiye na majibu ya hayo matatu hajawa tayari kwenda Grogan, kama watu wa spea wanavyoiita Kirinyaga Road hadi leo.

Tuchukue injini inayopatikana kwenye nyingi ya Starlet hizo, 4E-FE. Ina silinda 4, kipenyo cha kila moja ni milimita 74, na pistoni husafiri milimita 77.4 kutoka chini hadi juu. Jumla ni cc 1,331. Bloki yake ni ya chuma, jambo ambalo ni heri kubwa kwa mtu anayetaka kuijenga upya, kwa sababu chuma huvumilia kuchongwa.

Silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia kwenye joto kali na oili haba, na huliwa zaidi upande ambao pistoni inausukuma wakati wa mlipuko kuliko upande wa pini. Silinda iliyokuwa mviringo kamili hutoka ikiwa yai lililopanuka kichwani. Kwa hivyo fundi anayeijua kazi hupima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali hupima mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Kwa silinda 4 hivyo ni vipimo 24. Fundi anayeingiza kidole ndani, akasugua ukingo wa juu kwa ukucha na kutangaza kwamba itabidi uende ovasaizi, anakisia. Huenda akapatia, kwani uzoefu nao ni kipimo cha aina yake, lakini pesa ni zako.

Ukishuka Outering Road ukaingia Kariobangi Light Industries, kelele za kwanza ni za wachomeleaji wa mageti na za mabati yanayonyooshwa. Leithi na mashine za kuchonga silinda hukaa ndani zaidi, mbali na vumbi la barabara, na kwa kawaida mwenye mashine hasemi sana. Huyu ndiye mtu wa kumsikiliza. Muuza spea anajua kilicho kwenye rafu, fundi wa gereji anajua kufungua na kufunga, lakini mwenye maikromita ndiye atakayekuambia silinda zako zinahitaji nini.

Watu huwadharau wenye mashine hawa, na hiyo ni dhuluma. Upande huu wa Nairobi umehangaikia injini kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na karakana za Shirika la Reli zikahusika katika kazi hiyo. Magari 5 ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalitengenezwa na kuzinduliwa Kasarani mwaka 1990. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na kilichobaki cha ndoto ile ni Numerical Machining Complex, kule Industrial Area. Gari halikufika sokoni, lakini kutafuta usahihi wa sehemu ya mia ya milimita si jambo lililoletwa Eastlands jana na mtandao wa YouTube.

Turudi kwenye silinda. Ikipita kiwango cha kuchakaa kinachokubaliwa na kitabu cha injini hiyo, huchongwa iwe kubwa kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni za ovasaizi huja kwa hatua, kwa kawaida 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, yaani milimita zilizoongezwa juu ya kipenyo cha kiwandani. Hapa ndipo uongo mmoja wa mitaani hupata riziki. Utamsikia kijana akijigamba kwamba injini yake imechongwa, ina nguvu zaidi. Fanya hesabu. Kutoka milimita 74 hadi 74.50, 4E-FE huongezeka cc 18 kwa silinda zote nne. Kwenye injini ya cc 1,331 hilo ni ongezeko lisilofika asilimia moja na nusu. Nguvu anayoisikia ni ya ringi mpya zinazoziba vizuri. Kuchonga ni matibabu, na dawa huchukuliwa kwa kiasi kidogo kinachotosha kuondoa ugonjwa: kama 0.50 inasafisha silinda zote, kwenda 1.00 ni kuipunguzia bloki siku zake bure.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na linafanyika kila wiki. Mwenye gari anaambiwa injini inaenda 0.50, silinda zinachongwa siku hiyohiyo hadi 74.50 kamili, halafu ndipo anatumwa mjini kutafuta pistoni. Anarudi na pistoni zilizoandikwa 0.50, zinaingia, kila mtu anafurahi. Lakini pistoni haijazwi ndani ya silinda kama kizibo. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi, na nafasi hiyo huamuliwa na aliyeitengeneza pistoni. Tena pistoni yenyewe haiko mviringo: juu ni nyembamba kuliko chini kwa sababu juu ndiko kwenye moto, na upande wa pini ni mwembamba kuliko upande wa sketi. Hupimwa kwenye sketi, pembe mraba na pini, katika urefu uliotajwa na mtengenezaji. Tuseme pale inasoma 74.42, na mtengenezaji anataka nafasi ya 0.08. Hapo silinda ni 74.50. Ikiwa pistoni za kampuni nyingine zinasoma 74.45 na zinataka nafasi nyingine, silinda nayo hubadilika. Ndiyo maana silinda huchongwa kuifuata pistoni, na pistoni lazima iwe mezani kabla mashine haijawashwa.

Nadhani tabia ya kuchonga kwanza imechangiwa na bodaboda. Vijana wengi wa siku hizi wameonja ufundi wao wa kwanza kwenye pikipiki, ambako silinda, pistoni na ringi hununuliwa pamoja kwenye boksi moja, vikiwa vimeshapatanishwa kiwandani. Unatoa, unafunga, unapiga teke. Injini ya gari haikupi raha hiyo.

Wenye Probox, Fielder na Vitz za 1NZ wasikie hili pia. Injini hiyo ya cc 1,497 ndiyo imejaa mitaani, ikisaidiwa na ukweli kwamba injini isiyozidi cc 1,500 hutozwa kiwango cha chini cha ushuru wa bidhaa inapoingia nchini. Lakini bloki yake ni ya alumini, na slivu za chuma zilizo ndani ni nyembamba, hazikutengenezwa kwa nia ya kuchongwa. Pistoni za ovasaizi zake zinauzwa madukani, na kuna mafundi wanaochonga au kutia slivu mpya na gari likatembea. Kwangu mimi, 1NZ iliyochakaa silinda ni mgombea wa injini nyingine ya mtumba. Pesa za majaribio zitumie kwenye bloki ya chuma.

Tuje kwenye maumbile ya pistoni yenyewe. Zamani pistoni zilikuwa za chuma. Mwaka 1913 Mwingereza W. O. Bentley alitembelea kiwanda cha magari cha DFP huko Ufaransa, akaona juu ya meza pistoni ndogo ya alumini iliyotumiwa kuzuia karatasi zisipeperuke, naye akatengenezewa za alumini kwa magari yake ya mashindano. Tangu hapo ubishi umekuwa ni alumini ipi. Pistoni nyingi za kawaida humiminwa kwenye kalibu, alumini ikiwa imechanganywa na silikoni ya takriban asilimia 12, au zaidi kwa zile ngumu. Silikoni hupunguza kupanuka na kuchakaa, kwa hiyo pistoni hizi hukaa karibu na ukuta wa silinda, hazipigi kelele asubuhi, na huishi miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba zikipigwa vibaya na mlipuko usio wa wakati wake, hupasuka.

Zile za kufuliwa, ambazo alumini yake hugandamizwa kwa nguvu kubwa badala ya kumiminwa, ni ngumu kuvunjika. Ziko za aina mbili kuu, na muuzaji asiyejua tofauti yake asikuuzie. Aina inayoitwa 4032 bado ina silikoni nyingi na hupanuka kwa kiasi. Aina ya 2618 karibu haina silikoni, hustahimili mateso ya turbo, lakini hupanuka sana, hivyo huachiwa nafasi kubwa. Injini yake ikiwa baridi hugongagonga kama imekufa, na sketi zake huchakaa mapema. Mtu anayepiga safari fupi kutoka Donholm hadi mjini kila asubuhi, injini ikipata joto tu anaizima, atakuwa amenunua pistoni ya mashindano ili aitumie katika hali inayoitesa zaidi. Na seti ya pistoni hizo kutoka ng'ambo, ukijumlisha usafiri na ushuru, mara nyingi inazidi bei ya injini nzima ya mtumba.

Uzito nao hauzungumzwi vya kutosha. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kuanza upya mara 200 katika sekunde moja. Ukifanya hesabu ya 4E-FE, pistoni ya gramu 250 huvuta konrodi pale juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani. Pistoni moja ikizidi wenzake gramu kadhaa, krenki na beringi ndizo zinazolipa. Mizani ndogo ya dijitali inatosha. Pima zote nne pamoja na pini zake, na kama hazilingani, rudisha.

Sehemu tamu ya kazi hii ni kompresheni. Kwenye 4E-FE ya kawaida uwiano wake ni 9.6, yaani hewa iliyojaa silinda hubanwa hadi nafasi iliyo ndogo mara 9.6. Starlet GT ya turbo, EP82 yenye injini ya 4E-FTE, ilitoka kiwandani na uwiano wa 8.2, kwa sababu turbo tayari imeibana hewa kabla haijaingia. Tofauti ya nafasi iliyoachwa juu ya pistoni kati ya injini hizo mbili ni kama mililita saba na nusu, kijiko kimoja na nusu cha chai. Wapo waliofunga turbo juu ya pistoni za 9.6, wakafurahia wiki moja, kisha wakaokota vipande vya pistoni kwenye sampu.

Uwiano huo hausimami pale kiwanda kilipouacha. Starlet ya umri huu imeshachemka mara kadhaa, na kila ikichemka kichwa cha injini kimepelekwa kusawazishwa. Kikiwa kimepoteza milimita 0.3, na silinda ikachongwa 0.50, uwiano wa 9.6 umeshafika karibu 10 kabla hujanunua pistoni yoyote ya ajabu. Ukiongeza pistoni yenye kichwa kilichoinuka kwa sababu uliiona ikisifiwa, hujui tena uko wapi. Kujua si ghali. Bomba la sindano kutoka duka la dawa, kipande cha plastiki kinachoonyesha, grisi ya kuziba na mafuta ya taa kidogo vitakuambia ujazo wa chemba kwa mililita. Na kama pistoni si ya umbo la kiwandani, plastasini ya watoto wa shule ikibandikwa juu yake na injini ikazungushwa kwa mkono itaonyesha kama vali zinaigusa.

Kwa nini basi injini nyingine zimejengwa hovyo na bado zinatembea? Kwa sababu Nairobi huzisamehe. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo hupumua kidogo, hubana kidogo, na kompresheni kubwa haileti madhara upesi. Halafu Desemba inafika. Gari linapakiwa familia, linateremka Mombasa, na hewa nzito ya pwani pamoja na joto na mzigo vinafanya kile ambacho Jogoo Road haikuwahi kufanya. Mlio wa kokoto unasikika ukikanyaga mafuta, na mara kuta nyembamba zilizo kati ya ringi zinameguka. Mafuta machafu huharakisha mambo. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuyachanganya, hasa na dizeli, lakini petroli ya kwenye chupa kando ya barabara haina mtu wa kuidhamini, na petroli iliyotiwa taa hulipuka kabla ya wakati. Kwa hivyo fundi mzuri huuliza kwanza kama gari litateremka pwani. Akisikia ndiyo, anapunguza tamaa ya kompresheni.

Ringi zina kanuni yake ambayo wengi huiruka. Pengo la ncha za ringi huachwa kadiri ya kipenyo: kwa silinda ya milimita 74.5 isiyo na turbo, ringi ya juu huachiwa takriban 0.30, na kwa turbo ya mtaani takriban 0.40, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji ikisema vingine. Pengo likiwa dogo, ringi hupanuka, ncha zinagusana, na hapo injini inanoki. Kila ringi ipimwe kwa fila geji ndani ya silinda itakamoishi. Kuziamini kwa sababu zimetoka kwenye boksi jipya ni uvivu.

Kuhusu bandia, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 ipo, na mamlaka yake ipo, lakini boksi linachapishika kirahisi. Angalia vitu visivyochapishika kirahisi: alama ya saizi juu ya kichwa cha pistoni, mshale au nukta ya kuelekea mbele, mifereji ya ringi isiyo na makovu, pini inayoteleza bila kucheza, uzito unaolingana. Muuzaji anayekataa usifungue boksi dukani amekwisha kukujibu. Na ukishajenga injini, usiivue chujio la hewa ili isikike kama gari la Safari Rally. Vumbi la Kayole au Dandora likiingia kwenye silinda mpya huisugua hadi iharibike upesi kuliko ilivyochukua kukusanya pesa za pistoni.

Mimi, kwa Starlet ya kutembelea, ningechukua pistoni za kumiminwa za kampuni inayojulikana, ovasaizi ya kwanza inayosafisha silinda zote nne, kompresheni ya kiwandani, na pesa zinazobaki ziende kwenye ringi nzuri, beringi, pampu ya oili na redieta. Za kufuliwa ningezitafuta tu kama kuna turbo, na kama mwenye gari anakubali kelele ya asubuhi na kuifungua injini mapema.

Wewe unayepanga kufungua injini mwezi huu, nenda na pistoni zako mkononi. Mwombe mwenye mashine akuandikie kwenye karatasi kipimo cha kila silinda kabla na baada ya kuchonga, na kipimo cha pistoni itakayoingia humo. Akikataa, beba bloki yako uende banda linalofuata.